Mzee, Ulikuwa Ukifanya Kazi Gani?

Swali hilo halihitaji mashine wala hela. Hata hivyo mzee wa miaka sitini na kitu anaweza kuingia hospitali akikohoa, akapimwa makohozi, akapigwa picha ya kifua, akapewa dawa na kurudi nyumbani pasipo mtu kumuuliza. Picha ikionyesha utando wa mapafu umekakamaa na kuota chokaa, jibu la haraka ni makovu ya kifua kikuu cha zamani. Mara nyingi ni kweli, maana TB imetuganda miaka mingi. Lakini kama mzee huyo alimaliza ujana wake juu ya mapaa ya shule na nyumba za serikali, akikata mabamba ya asbesto kwa msumeno, jibu hilo linamfungia mlango.

Kosa hili lina historia, tena ya Afrika. Miaka ya 1950, Daktari C. A. Sleggs alikuwa akisimamia hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Kimberley, Afrika Kusini. Akaona baadhi ya wagonjwa wenye maji kifuani hawapati nafuu kwa dawa za TB, na kwamba walitoka upande wa magharibi, kwenye vilima vilivyochimbwa asbesto ya buluu. Yeye, mwanapatholojia J. C. Wagner na mwenzao Marchand wakafuatilia maisha ya wagonjwa hao: walikaa wapi, walifanya kazi gani. Mwaka 1960 walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu iliyokuwa adimu mno. Wengine kati yao hawakuwahi kushika sururu mgodini. Waliishi tu karibu, utotoni. Hadubini ilisaidia, lakini bila maswali yale isingejua itafute nini.

Sisi Kenya tulipiga asbesto marufuku mwaka 2006. Vizuri. Ila marufuku haifiki ndani ya mapafu yaliyokwisha kuvuta vumbi, na maradhi yake huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Fundi aliyeezeka paa mwaka 1995 anaingia sasa katika miaka ya hatari. Hivyo tusijidanganye kwamba jambo hili limepita. Kwa wengi ndiyo kwanza linabisha hodi.

Nieleze mabaka ambayo vumbi hilo huacha kwenye utando wa mapafu, kwa sababu hapa watu hutishwa bure au hutulizwa bure. Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho. Zikivutwa hupenya hadi kwenye utando uliotanda mbavu kwa ndani na ule ulio juu ya kiwambo cha kupumulia, na miaka mingi baadaye huacha mabaka magumu, kwa kawaida pande zote mbili za kifua. Makovu ya TB aghalabu hukaa upande mmoja na kuziba ile pembe ya chini ya pafu. Msomaji wa picha anayejua mzee alikuwa fundi wa paa ataitafuta tofauti hiyo. Asiyejua ni rahisi kuipita.

Mabaka yenyewe si saratani, wala hayageuki kuwa saratani, na wengi walio nayo hawatapata saratani kamwe. Ni unyayo, si mnyama. Yanasema vumbi lilipita hapa, na aliyelivuta ana hatari kubwa ya saratani ya mapafu kuliko jirani ambaye hakulivuta. Je, mabaka yanaongeza hatari juu ya ile ya vumbi? Watafiti bado wanabishana. Uchunguzi mmoja wa Ufaransa wa mwaka 2014, kwa watu waliofanya kazi na asbesto, ulikuta wenye mabaka wakifa zaidi kwa saratani ya mapafu. Tafiti nyingine hazikuona hivyo. Lisilobishaniwa ni sigara. Uchunguzi wa wafanyakazi wa Marekani uliochapishwa 1979 ulikuta asbesto peke yake inazidisha hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara 5, sigara peke yake kama mara 11, na vyote viwili kwa pamoja zaidi ya mara 50. Mzee wa namna hii anayevuta sigara, akiiacha leo amejifanyia zaidi ya ambavyo daktari yeyote atamfanyia.

Halafu kuna upimaji wa mapema. Jaribio kubwa la Marekani lenye watu zaidi ya 53,000 lilionyesha mwaka 2011 kwamba picha ya CT ya mionzi midogo hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na picha ya kawaida ya kifua. Lakini watu hao walichaguliwa kwa umri na sigara, si kwa kazi. Wataalamu waliokutana Helsinki walitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba waliovuta vumbi la asbesto nao wapimwe, hatari yao ikifikia ile ya watu wa jaribio hilo. Sasa, sisi hatuwezi kumpitisha kila mtu kwenye mashine ya CT, na tusiombe hivyo. Katika jaribio lile, zaidi ya asilimia 96 ya waliokutwa na kitu cha kutilia shaka hawakuwa na saratani, na hiyo ni nchi ambako TB ni nadra. Hapa kwetu makovu ya TB yangewapeleka wengi kwenye sindano na visu bila sababu. Ndiyo maana inatupasa kuwajua wanaostahili kupimwa kwanza.

Na hao tunawajua sisi, si wizara. Tunajua nani aliezeka shule ya mtaa, nani aliziba mitungi ya mvuke kiwandani kwa asbesto, fundi gani wa magari alipuliza vumbi la breki kwa mdomo, mama gani alikung'uta na kufua ovaroli za mumewe kila Jumamosi. Huyo mama asisahaulike. Hana hata karatasi ya ajira.

Ombi langu ni kwamba vyama vya wafanyakazi, vikundi vya wastaafu, kamati za misikiti na makanisa, na machifu kwenye baraza zao, waanze daftari: jina, kazi, mahali, miaka mingapi, sigara au la. Nakala moja ibaki na mzee mwenyewe, aibebe kila aendapo hospitali na kumkabidhi daktari kabla hajavua shati. Madaktari nao, tafadhali, iandikeni kazi hiyo kwenye fomu ya kuombea picha. Wawakilishi wetu wa kaunti waulizwe hadharani fomu za hospitali zao zina nafasi ya kuandika kazi ya zamani ya mgonjwa au hazina. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 inagusa pia maradhi yatokanayo na kazi, na mwenye kudai bila kumbukumbu ya kazi yake ataanza na lipi?

Mapaa yaliyobaki msiyavunje kwa nyundo, msiyasugue, msiyakate. Bamba zima lililotulia lina hatari ndogo sana kuliko lililopasuliwa, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina mwongozo wa kuyaondoa mapaa hayo. Kijana aliyeahidiwa kibarua cha kuyabomoa Jumamosi hii aambiwe leo, na jina la aliyeyaezeka liingie daftarini.