Mbwa akikohoa, tusikimbilie kusema karuho



Kuna neno moja ambalo hapa Nyalukemba linatoka kinywani upesi kuliko mengine yote, nalo ni karuho. Mtu akikonda, ni karuho. Akikohoa miezi miwili, ni karuho. Na siku hizi hata mbwa hafi tena kwa ugonjwa. Anaanza kukohoa, anachoka akipanda kilima kidogo tu, mbavu zinaonekana, tumbo linajaa maji, halafu asubuhi moja anakutwa amelala kando ya rigole. Papo hapo wenye parsele wanasema: "Balishamupa karuho!" Kisha wanatafuta ni nani. Na huyo "nani" daima ni jirani, yule aliyelalamika siku moja kwamba mbwa anabweka usiku kucha. Tunazijua nyumba ambazo hazisalimiani tena sababu ya mbwa, na watoto wao wanakaa pamoja nasi katika klasi moja.

Hatusemi kwamba watega-sumu hawako. Wako. Lakini sumu ya panya na dawa ya wadudu huua kwa masaa au kwa siku chache. Kikohozi cha miezi mingi ni habari nyingine, na sababu zake ni nyingi. Tunataka kueleza moja ambayo wengi wetu hatujaisikia: mnyoo wa moyo.

Wenye elimu wanauita Dirofilaria immitis. Si kama minyoo ya tumbo ambayo tunaijua sote. Huu unakaa katika mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye mapafu, na ikiwa mingi inaingia hata moyoni, upande wa kuume. Ni mwembamba kama uzi, na jike lake lina urefu wa santimeta 25 hata 30, yaani sawa na rula ya mwanafunzi. Wazieni uzi wa namna hiyo ndani ya moyo wa mbwa, tena si mmoja! Ndiyo maana anakohoa, ndiyo maana tumbo linajaa maji. Mnyoo huo unaweza kuishi miaka 5 hata 7, na tangu mbwa anapoumwa na mbu hadi mnyoo unapokomaa inapita miezi 6 au zaidi. Kwa hiyo, yule jirani aliyegombana nanyi juma lililopita hana neno hapo.

Maana anayeuleta ni mbu. Anakunywa damu ya mbwa mgonjwa yenye watoto wa mnyoo, wanakua ndani yake, kisha anamuuma mbwa mwingine. Mganga Patrick Manson alionyesha mwaka 1877, kule Amoy katika China, kwamba minyoo ya ukoo huu inapitia kwa mbu. Mwaka 1900 Waitaliano Grassi na Noè wakathibitisha hivyo kwa huu wa mbwa.

Wengine watatuambia: "Bukavu ni baridi, mambo hayo ni ya pwani." Kweli, joto likishuka chini ya digrii 14 watoto wa mnyoo hawakui ndani ya mbu. Lakini kwetu joto la wastani ni kama digrii 19 au 20. Hapo kazi inakwenda polepole, karibu mwezi mzima, wakati kwenye joto la digrii 27 inatosha majuma mawili. Polepole si sawa na hapana. Na tena mbwa wanasafiri. Anayeletwa kutoka Uvira, kwenye joto la Tanganyika, haachi damu yake njiani.

Sasa tuseme juu ya paka, kwa sababu watu wanafikiri kwamba mbwa akiumwa paka wako salama. Paka haambukizwi kwa kulala na mbwa wala kwa kula naye katika sahani moja. Ni mbu yule yule ndiye anayemfikia. Kwenye kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, wataalamu Buckley, Nelson na Heisch waliandika mwaka 1958 juu ya mnyoo ndugu wa huu. Waliukuta katika mbwa, katika paka, na katika kanu wa porini, na leo unaitwa Brugia patei kwa jina la kile kisiwa. Mbu haulizi nani ni nani! Na mnyoo wa moyo kwa paka ni mbaya zaidi. Minyoo 1 au 2 inatosha kumuua, mara nyingine ghafula, bila dalili. Akikohoa, mtu anafikiri ni pumu. Dawa ya kuua mnyoo mkubwa ndani ya paka bila hatari haipo. Dende, sungura na kuku wasiwape hofu, hao si makao yake. Binadamu anaweza kuupata mara chache sana, nao unafia katika mapafu na kuacha alama ambayo kwenye radio inafanana na uvimbe.

Jambo jingine linatukasirisha. Kuna watu wanaonunua ivermektini ya ng'ombe na kumchoma mbwa wao kwa kukadiria. Dawa yenyewe ni nzuri. Campbell na Ōmura walipewa Nobel mwaka 2015 kwa ajili yake, na ndiyo ile Mectizan ya onkoserkoze. Lakini mbwa, kwa kuzuia mnyoo wa moyo, anahitaji mikrogramu 6 kwa kila kilo kwa mwezi. Ng'ombe anapewa 200. Hesabu mnaijua. Mbwa wa kabila la koli wanaweza kufa kwa kipimo kikubwa, na mbwa mwenye watoto wengi wa mnyoo katika damu anaweza kuanguka mara tu anapopewa. Damu ipimwe kwanza. Tena dawa hiyo inazuia tu. Kwa minyoo mikubwa kuna sindano zenye arseniki, bei yake ni kali, na mbwa lazima akae amefungwa majuma mengi bila kukimbia.

Lakini mbwa aliyegeuka tabia, anayetoka mate na kuuma watu, huyo tusimguse kabisa, hata akifa. Hicho kinaweza kuwa kichaa. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ile ile.

Basi tunaomba mambo mawili. La kwanza, ile rigole nyuma ya klasi zetu, ambamo maji yamelala tangu mvua zilipoanza, izibuliwe. Tuko tayari kuifanya kwenye salongo. La pili, Bwana Prefe atuitie munganga wa nyama, au mwalimu wa ufugaji kutoka UEA pale Panzi, Jumatano moja baada ya masomo. Tone moja la damu chini ya mikroskopi yetu linaweza kuonyesha wale watoto wa mnyoo wakichezacheza, ingawa asiyeonekana nao si lazima awe mzima. Wenye mbwa wawalete wakiwa na kamba. Paka wabaki nyumbani: damu yao mara nyingi haionyeshi kitu, na hatutaki vita katika uwanja wa shule.