Kioo cha Kompyuta Iliyokufa ni Zana ya Kufundishia

Si ajabu kuingia katika stoo ya shule, iwe Shinyanga au Geita, ukakuta kompyuta mpakato iliyojaa vumbi. Ukiuliza, utajibiwa kwamba imekufa. Kwa maoni yangu jibu hilo ni la haraka mno. Pengine kilichokufa ni bodi kuu au kibodi tu. Kioo chake kingali kizima, nacho chaweza kutengwa kikatumika peke yake.

Yafaa mwanachuo aelewe namna jambo hilo linavyofanyika. Kioo hicho hakiwezi kupokea picha moja kwa moja kutoka kompyuta nyingine kwa waya wa HDMI. Huhitaji bodi ndogo ya kuitafsiri picha, na bodi hiyo sharti ilingane na namba ya kioo iliyoandikwa mgongoni mwake. Mimi mwenyewe niliwahi kununua bodi kabla ya kuisoma namba hiyo. Taa iliwaka, picha haikuja, na fedha yangu ikapotea. Wanachuo wangu walicheka, kisha wakauliza sababu. Somo lililozaliwa na swali lile lilikuwa bora kuliko lile nililoliandaa.

Wapo watakaosema kwamba kioo cha inchi 15 hakitoshi darasa la watoto mia moja. Ni kweli, wala hakikukusudiwa darasa zima. Kiwekwe katikati ya kikundi kimoja, na vikundi vipokezane. Tena, bodi nyingi za namna hii hutumia umeme wa volti 12. Kwa hiyo hata shule isiyo na umeme wa gridi yaweza kutumia betri ya sola, mradi fundi aweke kidhibiti cha volti.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Mali ya shule isifunguliwe bila idhini ya maandishi ya mwalimu mkuu. Betri iondolewe kwanza. Vioo vya zamani vyenye taa ya mrija hupitisha umeme wa mamia ya volti, na ndani ya mrija mna zebaki kidogo, ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kukamatia dhahabu. Mrija huo usivunjwe, na kazi hiyo isifanywe na watoto.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, vyuo vyetu vimehimiza zana zinazotokana na mazingira: makopo, vizibo, udongo wa mfinyanzi. Leo kompyuta iliyokufa nayo ni sehemu ya mazingira yetu. Mwalimu anayengoja vifaa vipya vifike atangoja pamoja na watoto wake, na wao hawarudii utoto. Basi, ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule, omba ufunguo wa stoo kabla hujaandika barua ya kuomba msaada.