Tiba Inayobuniwa Tusipokuwepo

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini darasa la sera za umma lipoteze saa nzima kwa habari za molekuli. Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanasayansi waliamini kuwa kazi ya vimeng'enya hufanywa na protini pekee. Mwaka 1982 Thomas Cech alionyesha kuwa RNA ya kiumbe mmoja mdogo wa majini huweza kujikata na kujiunga yenyewe. Mwaka 1989 yeye na Sidney Altman walitunukiwa Nobeli ya Kemia. RNA za namna hiyo huitwa ribozaimu. Kwa kuwa VVU navyo hubeba urithi wao katika RNA, wazo likazaliwa: itengenezwe ribozaimu itakayokitambua kipande cha RNA ya virusi na kukikata, ili virusi vishindwe kuzaliana. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa jambo hilo lawezekana katika seli za maabara.

Mwilini mambo ni magumu zaidi. Ili ribozaimu idumu, jeni yake hupandikizwa katika seli shina za damu zilizochujwa kutoka kwa mgonjwa, kisha hurejeshewa seli hizo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilihusisha watu 74. Katika wiki zilizopangwa kupimwa, wingi wa virusi haukupungua kiasi cha kuthibitisha lolote. Hata hivyo, seli za CD4 zilikuwa nyingi zaidi kwa waliopewa ribozaimu. Ni matokeo ya kiasi, na anayewashawishi wagonjwa waache vidonge kwa habari hizi anawaangamiza.

Kinachonishughulisha ni umbo la tiba yenyewe. Hospitali zenye uwezo wa kuchuja seli, kuzibadili na kuzirudisha kwa usalama ni za kuhesabika kwetu. Mfano tunao tayari: tiba ya jeni ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ilipangiwa Marekani bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ilhali watoto wengi wenye selimundu huzaliwa Afrika.

Ipo njia ya pili inayotafutwa, nayo ni kuipeleka jeni mwilini kwa sindano, kazi ambayo hata kituo cha afya cha wilaya kingeimudu. Oktoba 2019, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates walitangaza dola milioni 200 za kutafuta tiba za namna hiyo kwa VVU na selimundu, kwa bei ambayo nchi maskini zingeiweza. Nashukuru. Lakini Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi sahihi ya mtu mmoja inavyotikisa kliniki za Afrika Mashariki. Utafiti unaotegemea mfuko huo huo hauko salama zaidi ya vidonge.

Nchi za Umoja wa Afrika zilikwisha kuazimia kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, hasa mlioko wizara za fedha, ndio mnaoandaa vitabu vya bajeti. Nawaomba mfungue kitabu cha mwaka huu, mtafute fungu la utafiti wa tiba za jeni, na mniandikie mmelikuta ukurasa wa ngapi.