Baba, simu haiwezi kumjibu mtoto wako

Akina baba wengi wakiulizwa kuhusu katuni na vitabu vya watoto, hujibu kwa hesabu ya fedha. King'amuzi kimelipiwa, bando lipo, ada imelipwa, vitabu vya shule vimenunuliwa. Kazi ya kukaa na mtoto na kumfungulia kurasa anaachiwa mama, dada wa kazi au mwalimu. Baba akirudi jioni amechoka, kitu cha haraka cha kumtuliza mtoto anacho mfukoni: simu.

Kutaka utulivu si kosa. Mtu aliyesimama kwenye daladala kutoka Kariakoo hadi Mbagala ana haki ya kupumzika. Lakini ni vizuri ajue mtoto anakosa nini katika muda huo.

Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa kupokezana na mtu. Anatoa sauti, mtu mzima anaitikia. Anamnyooshea kidole kuku, anaambiwa, "Huyo kuku, anakula mtama." Katuni inaweza kutaja kuku mara 20, lakini haioni kidole cha mtoto kimeelekea wapi, wala haimsubiri ajibu.

Jambo hili lilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wakiongozwa na Patricia Kuhl, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walikutanishwa mara 12 na watu wanaozungumza Kichina, wakasomewa vitabu na kuchezeshwa. Baadaye waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo ngeni. Watoto wengine waliwaona watu hao hao kwenye video, wakiwa na vitabu na vitu vile vile vya kuchezea. Hawa walipopimwa, hawakuonesha kuwa wamejifunza chochote.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hashauriwi kukaa mbele ya skrini. Mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unahimiza kwamba mtoto anapokuwa ametulia, mlezi amsomee au amsimulie hadithi.

Usingizi nao umo katika hesabu hii. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku. Mwanga wa simu usiku hupunguza homoni inayouandaa mwili kulala, na katuni zinazofuatana zenyewe bila kukoma humfanya asikubali kuachia. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri kuwahi gari la shule amepata saa saba tu.

Hii haina maana kwamba kila katuni ni sumu. Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa umri wa shule ya awali, ilifanyiwa utafiti mjini Morogoro, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walioitazama kwa wiki chache walifanya vizuri zaidi katika mambo kama kuhesabu na kutambua namba na maumbo, kuliko waliotazama vipindi vingine. Kwa hiyo baba ana sababu ya kuchagua kipindi mwenyewe, badala ya kuiacha simu imchagulie mtoto.

Baada ya kuchagua, akae naye. Kipindi kikiisha, auulize: "Yule sungura alikimbia kwa nini? Wewe ungefanyaje?" Maswali mawili kama hayo yanampa mtoto nafasi ya kuzungumza, ambayo katuni haikumpa.

Kitabu kina faida moja ambayo ni rahisi kuipuuza: mtoto asiyejua kusoma hawezi kukitumia vizuri peke yake. Lazima mtu akae chini. Wala si lazima baba asome kila neno. Aoneshe picha, aulize, asubiri, aongeze neno moja kwenye jibu la mtoto. Mtoto akisema "gari", baba aseme, "Ndiyo, gari jekundu la mizigo." Akitaka kitabu kile kile usiku wa tano mfululizo, asomewe. Kurudia ndiko kunakoyakaza maneno kichwani.

Wapo wanaosema vitabu ni ghali au hawana duka karibu. African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, zinasomwa bure kwenye simu. Simu ile ile ya katuni inaweza kugeuka kitabu, ilimradi baba ndiye ameishika na mtoto yuko pembeni yake. Na asiyependa kusoma anazo hadithi alizosimuliwa na bibi yake. "Paukwa!" haihitaji bando, na mtoto akifundishwa mara moja kuitikia "Pakawa!", kesho atadai mwenyewe.

Kuna faida nyingine kwa mtoto wa kiume. Akiona kitabu mikononi mwa mama na mwalimu wa kike tu, ni rahisi kuamini kwamba kusoma si kazi ya wanaume. Baba anaweza kumwondolea wazo hilo bila hotuba.

Dakika 15 kabla ya kulala zinatosha kuanzia, televisheni ikiwa imezimwa na simu ya baba ikiwa chumba kingine. Mtoto huona haraka anaposhindana na simu ya mzazi wake.

Katika dakika hizo baba atagundua pia mambo ambayo katuni ingeyaficha. Mtoto aliyetimiza miaka miwili anatarajiwa kuunganisha angalau maneno mawili, kama "baba njoo". Kama bado, au kama hageuki anapoitwa jina, asisubiriwe kwa kisingizio kwamba "ataongea tu akikua". Apelekwe kliniki, apimwe na masikio. Na mhudumu wa afya akiuliza mtoto anasema maneno gani, baba awe na jibu lake mwenyewe, si la kumpigia mama simu.