Miwa Miezi 18, Karo Kila Muhula

Tumechoka kuambiwa na wakubwa kwamba umaskini wa mkulima watokana na uvivu. Aaminiye hayo na aje Bungoma, asimame katika shamba lolote la miwa karibu na kiwanda cha Nzoia.

Muwa wa huku huchukua takriban miezi 18 kukomaa. Karo ya sekondari hudaiwa mara tatu kwa mwaka. Basi hata kiwanda kingelipa siku ya mavuno, mzazi angekuwa amekwisha kudaiwa karo mara nne kabla hajashika senti. Nacho hakikulipa siku hiyo. Kwa miaka mingi kilidaiwa na wakulima na hata wafanyakazi wake wenyewe. Mwezi Mei 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya kibinafsi kwa miaka 30. Hatumpingi mwekezaji. Twauliza tu: jasho la jana litalipwa na nani? Na mama aliyepalilia shamba, huku mkataba ukibeba jina la mumewe, ataulizia wapi?

Kule Webuye, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009 na hakikupata mnunuzi hadi 2016. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka kilipofungwa alikuwa amefika la nane. Uamuzi wa ofisini Nairobi huhesabiwa hivyo nyumbani, kwa madarasa ya watoto.

Ndugu zetu wa Kitale nao wana yao. Kabla ya biashara ya mahindi kuachiwa huru mwaka 1993, kuvusha magunia wilaya hadi wilaya bila kibali cha Bodi ya Nafaka kulikuwa kosa. (Mwenye lori na marafiki hakukosa kibali.) Vizuizi vikaondolewa. Lakini mwaka 2018 wakulima wa Trans Nzoia walingoja malipo ya mahindi yao kwa miezi, huku wafanyabiashara wachache wakilipwa mamilioni na bodi iyo hiyo, hata Bunge likalazimika kuchunguza.

Wagombea watatujia kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Waje na majibu matatu: malipo ya miwa na mahindi yatatoka baada ya siku ngapi, majina ya wanaouzia maghala ya Bodi yatabandikwa wapi, na jina la mke litaandikwa lini katika mkataba wa miwa. Sukari na leso wabaki nazo.