Sindano ya miezi 3 haingojei bwana arudi kutoka karieri

Ndugu mchimbaji, tufanye hesabu kidogo. Unatoka Kisangani, unaingia karieri upande wa Bafwasende ao Banalia. Unamwambia bibi: miezi miwili tu. Shimo halitoi kitu, miwili inakuwa sita. Nyumbani, bibi alikuwa anatumia sindano ya kupanga uzazi, na nguvu ya ile sindano ni miezi 3. Anarudi kwenye kituo cha afya, anaulizwa: « Bwana iko wapi? Amekubali? » Bwana iko porini, rezo hakuna. Mama anarudi mikono mitupu. Siku unafika na franga kidogo, furaha kubwa. Kisha mimba nyingine, na mtoto wa mbele bado ananyonya.

Mambo haya si ya nyumba moja. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha kama, kwa wastani, mwanamke wa Kongo anazaa watoto 6,6. Zaidi ya robo ya wanawake wenye bwana walitaka kungoja ao kuacha kuzaa, lakini hawakuwa na njia yoyote mkononi.

Sheria inasema nini? Sheria 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inampa kila mtu mwenye umri wa kuzaa haki ya kupanga uzazi, akisha kuelezwa vizuri na kukubali mwenyewe. Waliooana kisheria wapatane juu ya njia. Wakikosa kupatana, neno la yule atakayeitumia mwilini ndilo linapita. Basi bibi akishikilia neno lake, si kiburi. Ni sheria.

Lakini haki bila dawa ni maneno matupu. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya dawa hizi ililipwa na Marekani. Mwaka 2025 msaada ulikatwa. Dawa za dola karibu milioni 9,7 zilikwama katika ghala la Geel, Ubelgiji, na Marekani ikasema zitaharibiwa. Sehemu yake ilikuwa ya kuja kwetu Kongo. Ndiyo maana tunauliza: taksi inayotoka kwenye dhahabu na almasi yetu, haiwezi kununua hata sindano za mama zetu?

Wakati tunangoja jibu, kuna jambo moja lisiloomba msaada wa mtu. Mbele ya kufunga mzigo, wapapa, mwende wote wawili kwa muuguzi. Muulize juu ya kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono: kinadumu miaka 3 ao 5, na kikitolewa, uzazi unarudi. Na wewe, kule karieri, usisahau kapoti. Inazuia mimba, inazuia na magonjwa.

Hii si kukataa watoto. Tangu 1972 wazee wanajua jina « naissances désirables »: mtoto azaliwe akiwa anangojewa. Nawe ukirudi, umkute mama yake na nguvu.