Kitanda Wanalipa, Pumzi Hawalipi

Ndugu zangu, kuna maradhi mtu akiwa nayo hatumchangii hadi alazwe. Pumu ni mojawapo. Akikohoa tunamwambia anywe tangawizi na asali, akihema tunamfungulia dirisha. Siku akikimbizwa hospitali saa nane za usiku, hapo ndipo tunaanzisha grupu la mchango.

Nitawaeleza ya kakangu, kwa idhini yake. Ana miaka 34, mke na watoto wawili, na kazi yake ni kupakia magunia kwenye godauni huku Mombasa. Vumbi la nafaka anakula mchana kutwa. Kifua kilianza kumbana miaka mitatu iliyopita, akawa anatembea na ile inhela ya buluu mfukoni, anavuta mara nne, mara tano kwa siku.

Daktari akamwambia ukweli ambao wengi wetu hatujaambiwa: ile ya buluu, salbutamol, inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu. Uvimbe ulio ndani ya mapafu hauugusi. Anayeitegemea hiyo peke yake yuko hatarini. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA haupendekezi mtu mzima atibiwe kwa salbutamol pekee. Anahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi, ya kutuliza uvimbe. Kaka akaandikiwa budesonide na formoterol ndani ya inhela moja. Si dawa ya anasa. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Pale dirishani akaambiwa ni karibu shilingi 3,000, ya mwezi mmoja. Akatoa kadi ya bima ya kazini. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Mara ya kwanza: "Hii inataka idhini kwanza, ngoja tupige simu." Akangoja toka asubuhi hadi adhuhuri, akarudi kazini mikono mitupu. Mara ya pili: "Haya ni maradhi uliyokuwa nayo kabla hujajiunga." Mara ya tatu: "Kiwango chako cha maradhi ya kudumu kimekwisha." Sababu tatu, miezi mitatu, na hakuna hata moja aliyoandikiwa kwenye karatasi. Kampuni siitaji jina hapa, kwa sababu mkiulizana wenyewe mtaona si moja.

Sasa kaka akafanya kile ambacho maskini hufanya. Alinunua moja kwa pesa za karo, akaanza kuipima. Asubuhi anavuta, jioni anaruka. Halafu siku hadi siku. Halafu akarudi kwa ile ya buluu.

Usiku aliozidiwa, shemeji alinipigia simu hawezi hata kusema vizuri. Tukambeba kwa tuktuk, yeye amekaa wima ameshika vyuma, midomo imegeuka rangi. Alilazwa siku nne. Oksijeni, nebulaiza, sindano, daktari wa zamu. Bili ikafika shilingi 66,000.

Na bima ikalipa yote. Haikuuliza swali hata moja.

Hebu pigeni hesabu nami. Hizo 66,000 zingemnunulia dawa ya miezi 22. Kampuni iliyokataa kutoa 3,000 ili asilazwe, ilitoa mara 22 ya hizo alipolazwa. Kitanda wanalipa, pumzi hawalipi.

Kuna atakayesema bima ni biashara, kila mgonjwa wa kudumu akilipiwa kila kitu kampuni itafunga. Hoja hiyo naisikia. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na faida ya kumkinga mtu leo huenda ikaonekana mwakani akiwa na kampuni nyingine. Lakini kwa sababu hiyo hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa hesabu ya kampuni peke yake. Anayebeba hasara ya hesabu hiyo ni mapafu ya mfanyakazi.

Na serikali nayo? Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA badala ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kuna mfuko wa huduma za msingi kwa zahanati na vituo vya afya, kuna mfuko wa bima, na wa tatu wa dharura na maradhi ya kudumu na mahututi. Ila kwa maradhi ya kudumu, huu wa tatu unaingia pale kiwango cha mfuko wa bima kinapomalizika. Maana yake maradhi ya kudumu yamefikiriwa kama kitu cha mwishoni, pesa zikishaisha. Pumu haiendi hivyo. Pumu inashindwa mapema, kwa dawa ndogo ya kila siku, karibu na nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, na vifo vingi vya pumu hutokea katika nchi za kipato cha chini na za kipato cha kati cha chini kama yetu, ambako dawa haifiki. Hii si ajali. Ni swali la haki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa.

Kwa hivyo tufanye nini?

Ukikataliwa, usiondoke dirishani bila karatasi. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na cha 35 kinakupa haki ya habari, hata iliyo mikononi mwa mtu binafsi, ukiihitaji kulinda haki yako. Mwombe daktari barua ya kueleza kwa nini dawa ile na si ya buluu. Isome bima yako, utafute maneno "maradhi ya kudumu" na kiwango chake. Andikia kampuni rufaa. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima, IRA. Na mwakilishi wa wafanyakazi ayaweke mezani kabla mwajiri hajatia sahihi mkataba mwingine.

Kwenye zahanati ya mtaa wako uliza: inhela ya kukinga ipo? Kama haipo, andika tarehe, na umwulize MCA wako mbele ya watu.

Na zile barua za kukataliwa, zileteni. Moja ni shida ya nyumba moja. Tukiwa nazo hamsini, hakuna atakayetuambia ni bahati mbaya.

Kaka yuko hai, alhamdulillah. Dawa ya mwezi huu tumechanga ndugu watatu. Ya mwezi ujao bado.